Gari lililia "tik" tu: tatizo halikuwa betri

Julai hapa Moshi baridi ni kali, na gari likigoma asubuhi kila mtu anailaumu betri. Langu lilikuwa likilia "tik" moja tu, injini haizunguki, lakini taa za dashibodi zinawaka vizuri. Hizo taa ndizo zilizonitia shaka.

Nikapima betri: volti 12.6, imejaa. Jirani akapiga stata, gia ikiwa huru, nami nimeshika nyaya za mita ya volti, moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Kipimo hiki mafundi wengi wanakiruka, nacho ndicho kinachosema kweli. Ethi, yaani waya unaorudisha umeme kutoka injini hadi betri, ikiwa haina hitilafu, mita haizidi nusu volti hapo. Mita ikasoma zaidi ya 4!

"Kaka, umeme unapotelea njiani," jirani akasema.

Nikachomoa nguzo hasi, nikafungua bolti ya waya wa ethi pale unapoungana na injini. Chini ya matope na oili, kichwa cha waya kilikuwa na ukungu wa kijani, na kutu imekula chuma. Nikapiga msasa mpaka pakang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Stata ikazunguka kwa nguvu, injini ikawaka papo hapo.