Nilipanda, dada akabaki chini

Safari yenyewe ilikuwa ya dada yangu, mimi nilikuwa mbeba mabegi tu. Yeye ndo mtu wa kanisa kwetu, alikuwa na hamu ya kuona makanisa ya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, miaka na miaka, basi 2019 tukaenda. Tukatoka Aksum asubuhi na gari ya kukodi, na kitu nilichokipenda kule ni saa, Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, dereva akikwambia saa nne ni saa nne yako hiyohiyo, huna haja ya kujumlisha sita wala kutoa.

Ukishaiacha lami ya Adwa kwenda Adigrat ni vumbi mpaka unafika chini ya Debre Damo. Mlima una kichwa bapa kama meza, pande zote ukuta. Abuna Aregawi, mmoja wa wale Watakatifu Tisa, watawa walioeneza Ukristo Ethiopia zamani, ndo alianzisha monasteri hapo karne ya 6, na wanasema alipandishwa na nyoka. Sisi wengine kuna kamba ya ngozi.

Na wanawake hawapandi. Sio watu tu, hata mnyama jike hapandi, mtetea, mbuzi jike, hakuna. Dada alikuwa anajua tangu nyumbani, mimi ndo nilishtuka, nikamwambia sasa dada umetumia hela yote hii uje ukae chini? Akasema, "Nenda wewe, ukaangalie vizuri."

Ule ukuta ni kama mita 15 hivi, sio mrefu kuuangalia ila kuupanda ni habari nyingine. Kamba moja wanakufunga kiunoni, mtawa yuko juu anavuta, ile nyingine nene unaishika mwenyewe huku miguu inatafuta vishimo kwenye mwamba. Mbele yangu alipanda mzee wa kama miaka 70, kanzu yake na fimbo mgongoni, anakwea kama mkwezi wa mnazi, halafu nikaja mimi kijana wa mazoezi, magoti yanacheza, nimekwama katikati natukanana na ngozi ya ng'ombe. Chini nasikia wanawake wanacheka na sauti ya dada ni mojawapo.

Juu ni kijiji kabisa, nyumba za mawe, vichochoro, visima vimechongwa kwenye mwamba na maji yake ya kijani, na kuna madume ya ng'ombe, nao wanapandishwa kwa kamba hiyohiyo!! Kanisa limejengwa tabaka la mawe tabaka la mbao, ncha za magogo zimechomoza ukutani, wao wanaziita vichwa vya nyani. Ndani unavua viatu, giza, harufu ya ubani, halafu unainua kichwa unaona dari ya mbao imechongwa wanyama, simba, tembo, swala, mmoja kila kibao. Nikajiuliza na wale wa darini kama nao ni madume watupu, ila sikuthubutu kuuliza.

Mtawa mmoja akamuuliza dereva (naye alipanda) yule mwanamke chini ni nani, akaambiwa dada yake huyu. Akaingia ndani, akarudi na kolo, shayiri ya kukaanga, kanijazia mfuko wa koti, akanionyesha kwa kidole chini.

Kushuka sisimulii.

Nilimkuta dada amekaa na kina mama waliokuja kusali pale chini, wamemvisha shuka nyeupe, yaani ukipita haraka humjui. Ndani ya gari nikampa simu aone picha, zote nyeusi. Akasema basi nihadithie, nikajikuta naongelea ile kamba tu mpaka Adigrat, yeye anatafuna kolo ananiangalia.

Mwaka uliofuata vita ikaanza Tigray na hatujarudi. Ila bado ananiuliza ile dari, na kila akiniuliza nakumbuka mnyama mwingine. Juzi nimemwambia kulikuwa na ngamia, akanikata, "Mwaka jana ulisema twiga."