Mtoto Hatajwi

Wete, Pemba, Jumapili usiku

Nimerudi shamba magharibi, mikono inanuka karafuu. Nimeoga mara mbili na bado, harufu ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, haisikii sabuni. Ningelala, lakini kakaangu anangoja jibu langu kesho asubuhi, mwanawe arushwe darasa au asirushwe, na miye jambo likinikaa kifuani halitoki mpaka niliandike.

Habari yenyewe ni ya mwanawe. Ana miaka minane, yuko darasa la pili, meno mawili ya mbele hana. Tangu wiki tatu nyuma Mtambwe nzima inamjua.

Ilianza jioni ya kupima. Wachumaji wameshuka, kila mtu na pakacha lake, mama kakaa na kibaba mkononi, kakaangu na daftari. Bwana mmoja karafuu zake zikafika pishi saba na vibaba vitatu. Pishi, yaani vibaba vine, tulikuwa tunalipa shilingi 2,000. Kakaangu akatoa simu apige hesabu. Mtoto alikuwa kajilaza juu ya jamvi, miguu kaiegemeza ukutani, akasema, "Elfu kumi na tano na mia tano." Wala hakugeuka. Aliyefuata, pishi tano na kibaba kimoja: "Elfu kumi na mia tano." Wakapita watu kumi na mmoja, simu ikarudishwa mfukoni. Wale watatu wa mwisho kuna kijana aliwahi kuwarekodi, na kabla ya kulala video ilishafika Chake, Unguja, mpaka Muscat kwa jamaa zetu.

Mama hakufurahi hata kidogo. "Mtoto hatajwi," alisema, akafukiza ubani nyumba nzima, akamsomea Falaki na Nasi. Yeye anaogopa jicho. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mambo ya jicho huwa nanyamaza yakitajwa, sikubali wala sikatai mbele ya mama.

Siku ya pili watu wakaanza kuja. Hebu tumwone huyo. Kila mmoja na swali lake, kama mtu anayemtupia kuku mtama. Kumi na tisa mara kumi na tisa! Mia mbili na nne gawa kwa kumi na mbili! Anajibu, wanapiga makofi, wanampa mia mbili ya ubuyu. Kisha skulini wakamwita kakaangu: mtoto arushwe, aende darasa la nne moja kwa moja. Shemeji mmoja akaongeza kwamba huko Ulaya watoto kama hawa wanaingia chuo kikuu na miaka kumi na mbili, kwa nini wetu asiwe profesa. Kakaangu kifua kimejaa, na mtu utamlaumuje. Akaniambia, "Dada, wewe ndiye uliyesoma. Na wewe ulikuwa hivi hivi."

Ni kweli, nilikuwa hivi hivi.

Mwaka 1986 nilikuwa darasa la pili katika skuli ambayo siitaji. Mwalimu mmoja alikuwa akija kunichukua kwa mkono, ananipeleka darasa la sita, ananisimamisha juu ya kiti kwa kuwa ubao siufikii. Anaandika hesabu ya sehemu, anamwita mwanafunzi, mwanafunzi anashindwa, napewa chaki. Nikipata, yule aliyeshindwa anakula bakora. "Unashindwa na kitoto hiki!" Kulikuwa na mvulana mrefu, baba yake mvuvi, aliitwa karibu kila siku. Nakumbuka shati lake lilivyokuwa limechanika chini ya kwapa, maana akinyoosha mkono apigwe ndipo palipofunuka. Na nakumbuka jambo jengine ambalo ni zito zaidi kuliandika: nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nangoja aitwe.

Mvulana huyo ndiye yule bwana wa pishi saba na vibaba vitatu. Mtoto alipotaja pesa zake alicheka, akaniangalia akasema, "Ukoo wenu huu, mwalimu!" Alisema kwa mapenzi, wallahi. Mimi nikainama nikaanza kuokota makonyo ambayo yalishaokotwa.

Usiku tatu hizi nimekuwa nikisoma habari za watoto wa namna hii, nione walifikia wapi. Mwingine ningemwandikia kitabu. Huyu William James Sidis, aliyezaliwa New York mwaka 1898, baba daktari wa mambo ya nafsi, mama naye daktari. Akaingia Harvard, chuo kikuu huko Marekani, mwaka 1909 akiwa na miaka 11. Januari iliyofuata akasimama mbele ya chama cha wanahisabati wa Harvard akawahutubia juu ya maumbo yenye vipimo vinne, yaani si urefu, upana na kimo peke yake, kuna na kingine. Magazeti yakamkumba. Baba yake, badala ya kumficha, aliandika kuonesha namna malezi yake yalivyofanikiwa. Alipomaliza digrii mwaka 1914 hajatimiza miaka 17. Akapelekwa kufundisha Houston, wanafunzi wakubwa kuliko yeye, hata mwaka haukutimia akaondoka.

Baada ya hapo sehemu kubwa ya maisha yake ni ya kujificha. Kazi alizozitaka ni za kubonyeza mashine za kujumlishia maofisini, mshahara mdogo, na wakigundua ni nani anahama. Akawa anakusanya tiketi za tramu, zile za kuunganishia safari, akaziandikia kitabu kizima mwaka 1926 kwa jina la uongo. Wenzake wanaosimulia wanakitaja kitabu hicho kwa kucheka au kwa huruma, na mimi naona si hiki wala kile. Mtu anayependa mpangilio wa vitu, kitu gani kizuri kwake kama mtandao wa reli za mji? Alikuwa anacheza, kwa mara ya kwanza bila watazamaji.

Mwaka 1937 jarida la The New Yorker likamfuata mpaka chumba alichopanga, likaandika habari zake: yule mtoto wa ajabu yuko wapi, kakaa vipi, chumba chake kikoje. Akashitaki. Mahakama ya rufaa ikamkatalia mwaka 1940, kwamba aliwahi kuwa mtu wa umma na watu wana haki ya kutaka kujua alivyoishia. Yaani alitazamwa akiwa na miaka 11 bila kuulizwa, na kwa sababu hiyo ataendelea kutazamwa. Akafa mwaka 1944, mshipa wa ubongo, ana miaka 46.

Miaka 46 ndiyo niliyonayo mimi.

Nilipofika hapo nilizima taa nikamfikiria mama na ubani wake. Sisemi zaidi.

Wapo waliokwenda vizuri, na uadilifu unanitaka niwataje, la sivyo nitamtisha kakaangu kwa kisa kimoja. Ruth Lawrence, Muingereza, skuli hakukanyaga, baba yake aliacha kazi amsomeshe nyumbani. Mwaka 1983 kaingia chuo kikuu cha Oxford na miaka 12, miaka miwili kamaliza digrii, daraja la kwanza. Baba anakwenda naye mihadhara yote. Picha yao maarufu wako juu ya baiskeli ya watu wawili, ile ambayo wote mnakanyaga pedali. Niliitazama sana. Kwetu mtoto anapakiwa kwenye keria, anakumbatia kiuno cha baba, anatazama mashamba yanavyopita, na kukanyaga si kazi yake. Huyo Ruth hakuvunjika, ni profesa wa hisabati Jerusalem. Lakini alipopata watoto wake alisema hatawakimbiza kama alivyokimbizwa yeye, na mtu huyo anaijua njia kuliko shemeji yetu.

Halafu Terence Tao wa Adelaide, Australia, mwaka 1975 ndio wa kuzaliwa kwake. Huyu ndiye aliyenikalisha kitako. Miaka saba minane alikuwa anasoma hesabu na wakubwa, na masomo mengine anabaki na watoto wenziwe. Si kwamba walimzuia: mwaka 1988 alichukua medali ya dhahabu ya mashindano ya hesabu ya dunia, miaka 13, hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi. Ila chuo kikuu wazazi walimwingiza taratibu, somo moja moja. Udaktari, ile PhD, chuo kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1996, profesa kamili California na miaka 24, na mwaka 2006 Nishani ya Fields, ambayo kwa watu wa hesabu hakuna juu yake. Lakini nililolipenda ni dogo: mwenyewe anasimulia kwamba huko Princeton alikaribia kuanguka mtihani mkubwa wa kuingilia utafiti. Alikuwa hajazoea kusoma kwa bidii, mambo yalikuwa yanamjia tu. Akashituka, akaanza kusoma.

Mimi mshituko wangu niliupata Mlimani, chuo kikuu. Nilikwenda Dar es Salaam nikijiona ndiye hesabu yenyewe, na katika somo la kwanza la uchambuzi wa hesabu nikapata alama ambayo haitaandikwa humu. Darasani tulijaa watu waliokuwa wa kwanza kwao: Mchagga wa kwanza, Mhaya wa kwanza, na mimi Mpemba wa kwanza. Hakuna aliyekuja kunisimamisha juu ya kiti. Nililia bwenini siku mbili, ya tatu nikafungua kitabu ukurasa wa mwanzo, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kusoma hesabu. Kabla ya hapo nilikuwa nazijibu.

Nyumbani wakawa wanauliza kwenye simu, umekuwa wa ngapi?

Mama, nilipomhadithia hawa watu wangu wa ng'ambo, alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua karafuu, akasema, "Imam Shafii mbona humtaji?" Nikaona haya. Chuo cha Kurani tulisimuliwa wote: yatima, mama yake hana cha kumlipa mwalimu, kwa hiyo mwalimu akamchukua bure ili amwangalilie watoto akitoka. Karatasi hana, anaandika juu ya mifupa. Inasimuliwa alihifadhi Kurani na miaka saba, Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, na miaka kumi. Kisa chuoni hukomea hapo, pamoja na "na nyinyi je?" na mkwaju. Lakini mume wa marehemu shangazi yetu, aliyekuwa anasomesha fikihi, alikuwa akiendelea mbele. Alisema ukitaka kumjua Shafii mtazame Misri, mtu mzima, miaka yake ya mwisho, anarudia kauli alizokwisha kuzitoa Baghdad na nyengine anazibadilisha. Ndiyo maana sisi wa madhehebu yake tuna kauli kongwe na kauli mpya. Jina la mtoto aliyehifadhi akiwa na miaka saba hakulitegemea.

Sasa nieleze kitu ambacho kwenye video hakimo.

Huyu mtoto usiku, watu wakichambua, anachukua karafuu kavu anazipanga kwenye jamvi kwa mistari. Sita: mistari miwili ya tatu tatu. Nane: miwili ya nne nne. Saba zikamkatalia, mistari haiwi sawa. Kumi na moja zikamkatalia. Alikuja kwangu amekasirika, "Shangazi, hizi kaidi." Vitabu vyetu vinaziita namba tasa. Neno hilo sijalipenda kulitamka darasani, nina sababu zangu, na tangu siku hiyo moyoni nami naziita kaidi. Ana orodha yake nyuma ya daftari la chuo. Anataka kujua zinakwisha wapi. Sikumwambia. Wayunani walishalijibu hilo kabla ya Nabii Isa, lakini nimemwachia ahangaike nalo. Na katika orodha nikaona ameandika 91. Nalo sikumwambia, ingawa kila nikilala nalikumbuka kama mtu aliyeacha mlango wazi.

Kazi ile anaifanya polepole ajabu. Usiku mzima namba mbili, tatu. Hakuna wa kumpigia makofi hapo, maana hakuna cha kuona: mtoto kalala kifudifudi na karafuu.

Kesho nitamwambia kakaangu abaki darasa la pili, acheze mpira, akorofishane na wenziwe wa umri wake. Hesabu aje kwangu Jumamosi baada ya alasiri, tutakwenda zitakapotupeleka, hata za kidato. Na simu zikae mfukoni. Atasema namwonea wivu mwanawe. Sijui nitamjibu nini, maana nimejiuliza hilo hilo.

Leo mchana alikuja mgeni, mtu wa heshima zake kutoka mjini, na vijana wawili wenye simu. Tulikuwa ukumbini tunachambua. Akakaa, akanywa maji, akaomba mtoto asogezwe karibu na mwanga. "Haya bingwa. Arubaini na nane mara ishirini na tano."

Mtoto akamwangalia. Akaiangalia simu. Nami nilimwona, ile hesabu ilishapita usoni kwake zamani, kama kivuli cha ndege.

"Elfu moja na mia moja."

Kimya. Mgeni akajaribu nyengine, rahisi zaidi. Akakosa. Ya tatu akakosa kwa moja tu. Kijana mmoja akashusha simu. "Aa, bado mdogo," mgeni alisema, akamshika kichwa, akatoa mia tano, wakaondoka. Kakaangu alikuwa msikitini, kwa bahati. Mama akasema mashaallah, sijui kwa lipi.

Gari lilipokata kona ya mnazi mtoto akarudi kwenye jamvi lake, akalala kifudifudi, akasukuma karafuu huku na huku. Nilimwacha. Tukachambua, jua likaanza kuingia ndani kwa upande wa mlango, watu wakaanza kuinuka kwa sala.

"Shangazi."

"Naam, baba."

"Tisiini na moja si kaidi." Alikuwa kazipanga zote, mistari saba imenyooka mpaka ukingo wa jamvi. "Kumi na tatu tatu. Ulijua?"