Nati zote umetoa na tairi bado limeng'ang'ania

Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja hii kitu tunaijua vizuri sana. Umepata pancha, umepiga jeki, nati zote unazo mkononi, halafu tairi limetulia pale pale kama hujagusa kitu, unavuta, unatikisa, wapi.

Juzi nimemkuta jirani na Toyota IST yake, tairi la mbele limegoma, na kijana wa pancha kashaleta nyundo anataka kuigonga rimu kwa nyuma. Nikamwambia dogo hebu subiri, hiyo spoti rimu, ukiipiga ukingoni inapinda au inapasuka halafu itakuwa inavuja upepo kila siku. Akanijibu "mzee, sisi zote tunazitoa hivi hivi." Sawa, ndo maana rimu nyingi za mjini zina meno meno.

Sasa kinachoshika sio nati. Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linalovaa shingo ya habu (kile chuma kinachozunguka ambacho tairi linafungwa juu yake), na kwenye hizi Toyota ndogo tundu lina kama milimita 54 tu na linabana kweli kweli. Habu ni chuma, spoti rimu ni aluminiamu, maji ya chumvi yakijipenyeza hapo yanaanza kuzila zote mbili, chuma inatoa kutu nyekundu na aluminiamu inatoa unga mweupe, na vyote vinavimba kwenye kanafasi kale kadogo mpaka rimu inakuwa imefungwa kabisa. Na msidhani ni ya sisi wa pwani tu, gari zetu nyingi ni mitumba ya Japani, na zilizotoka kaskazini kule Hokkaido zimeshatembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi kuyeyusha theluji, kwa hiyo hata wa Dodoma itamkuta.

Dawa ni uzito wa gari lenyewe. Rudisha nati ZOTE kwa mkono mpaka ziguse, kisha zilegeze kama mzunguko mmoja hivi, shusha jeki. Mara nyingine likishuka tu linaachia. Likigoma, mahali tambarare pasipo na watu, sogeza gari mbele kidogo funga breki, rudi nyuma funga breki, mwendo wa mtu anayetembea, usizidi. Ukisikia "ko!" simama hapo hapo. Usije ukasema ngoja niende mpaka gereji na nati zimelegea, huko ni kutafuta msiba.

Kama tairi halina upepo kabisa na hutaki kulisaga, weka gari kwenye stendi za chuma za kushikilia gari (sio jeki peke yake, na tofali la simenti hapana, linapasuka ghafla), nati zikiwa zimelegea vile vile, ulipige kisigino kwenye mpira, kulia kushoto, juu chini. Mafuta ya kulainisha kutu pulizia katikati ukishatoa kofia ya rimu, uyape muda yaingie, ila yasifike kwenye diski wala pedi za breki. Moto usiupeleke hapo hata siku moja, tairi lenye upepo likipata joto hilo linaweza kulipuka likaua mtu.

La jirani liliachia kwenye kurudi nyuma. Tulipolivua ule unga ulimwagika chini, na kwenye shingo ya habu kulikuwa na pete ya kutu imeganda hadi brashi ya waya ilikuwa inateleza tu, tukamalizia na msasa. Ukishasafisha paka grisi kidogo sana, tena kwenye shingo tu, kwenye stadi (zile bolti zinazoingia nati) usipake maana nati itaingia laini ukaikaza kupita kiasi bila kujua.

Kukaza ni kwa kukatisha, moja hapa nyingine upande wa pili yake. IST na wenzake wanataka 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), asiye na spana ya kipimo atumie spana ya tairi ya kawaida na mkono wake, mambo ya kuchomeka bomba au kupanda juu na miguu yanakata stadi. Ukitembea kama kilomita 100 simama ukaze tena.

Na yale matatu mengine yavue siku hiyo hiyo ukiwa nyumbani, usisubiri ligome usiku njia ya Segera.