Wapenzi wa hadithi, wapenzi wa mji

Wapenzi wa hadithi hapa Lamu hukutana barazani baada ya Isha. Jana ilikuwa zamu ya hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Waswahili, na mabishano yakawa makali: mwanawe aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, alihadaiwa au alikuwa na tamaa? Bibi mmoja akasema, "Wanangu, hata leo watu hununuliwa kwa ahadi." Tukakumbuka ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe, jinsi wakazi walivyosimama imara hadi leseni yake ikafutwa mwaka 2019. Nawapenda watu hawa kwa dhati! Kikao hakivunjiki bila mchango. Safari hii ni karo ya mtoto wa jirani aliyefiwa na babake. Jumamosi asubuhi tunaokota plastiki ufuoni Shela. Anayetaka kuja, karibu, magunia tunayo.