Nilivyosanifu sumaku ya tabaka moja nikiwa Moshi

Wengi wakisikia habari za sumaku zenye unene wa tabaka moja tu, hudhani bila maabara ya mabilioni huwezi kugusa kitu. Mimi kazi hii naifanyia nyumbani, Pasua, kwa kompyuta mpakato na programu ya bure ya Quantum ESPRESSO, inayokokotoa tabia za elektroni ndani ya vitu.

Nilianza na CrI3, kiwanja cha kromiamu na iodini. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba tabaka lake moja hubaki sumaku hadi kelvini 45, yaani nyuzi 228 chini ya sifuri. Kabla ya kusanifu cha kwangu nilitaka kompyuta yangu irudie kwanza kilichokwisha kupimwa, na kila anayeanza namsihi apite njia hiyo. Seli ya CrI3, yaani kipande kidogo kinachojirudia, ina atomu 8 tu, kwa hiyo mashine ndogo inaimudu.

Umeme ndio ulionisumbua. Hesabu inakwenda usiku kucha, mara giza. Nikaiwekea programu kikomo cha muda, ikawa inasimama yenyewe, inahifadhi ilipofikia, nami naiendeleza baadaye.

Spini, yaani visumaku vidogo vya elektroni, za kromiamu mbili nikazielekeza upande mmoja, kisha zipingane. Zilipoelekea pamoja nishati ilikuwa ndogo zaidi, na kila kromiamu ikabeba takriban magnetoni 3 za Bohr, kipimo cha usumaku wa atomu. Nilifurahi sana.

Ila kiini cha jambo ni mwelekeo. Wanafizikia Mermin na Wagner walithibitisha mwaka 1966 kwamba kwenye bapa, spini zilizo huru kugeukia popote haziwezi kudumisha mpangilio wa sumaku kukiwa na joto, hata dogo. Lazima kuwe na upande zinaoupendelea. Katika CrI3 upendeleo huo hutokana hasa na iodini: ni atomu nzito, na ndani yake spini ya elektroni imefungamana sana na mwendo wake. Nikapiga hesabu spini zikisimama wima, kisha zikilala. Tofauti ya nishati haifiki hata sehemu moja ya elfu ya elektronivolti kwa kila kromiamu! Gridi, yaani wavu wa nukta za kupigia hesabu, ikiwa legevu, tofauti hiyo inapotea. Nikaikaza hatua kwa hatua mpaka jibu likaacha kuyumba: wima.

Kukadiria joto ambalo usumaku hukoma, usitumie kanuni ya wastani, inayochukulia kila spini inahisi wastani tu wa jirani zake. Kwa spini za juu na chini tu, kwenye mpangilio wa pembe sita kama huu, inatoa karibu mara mbili ya joto sahihi. Niliandika programu fupi ya Monte Carlo, yaani ya kugeuzageuza spini kwa bahati nasibu, kwa lugha ya Python, nayo haikuhitaji mashine kubwa.

Sasa nabadilisha iodini za uso mmoja ziwe bromini, uso wa pili nauacha ulivyo. Bromini ni nyepesi, natarajia upendeleo wa wima upungue. Ninachokitafuta ni ile nguvu inayozipinda spini jirani, ambayo huamka nyuso mbili zisipofanana, kwa sababu ndiyo inayoweza kuunda vizingia vidogo vya spini vya kuhifadhia data.