Kitufe kiitwe kwa kazi yake

Wiki hii nimeshinda ndani ya programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa Qt, zana ya kutengenezea programu zenye madirisha na vitufe, nikishughulika na majina tu. Rangi sijazigusa, mpangilio sijaugusa. Kwa mtumiaji programu haina tatizo, ila ukifungua faili la kiolesura unakutana na pushButton, pushButton_2, pushButton_3 na kuendelea. Ni majina ambayo Qt Designer, chombo cha kuchorea fomu za Qt, huyatoa yenyewe kila unapoburuta kitufe kipya na kukiweka kwenye fomu, na hakuna aliyeyabadilisha. Ukitaka kujua pushButton_9 ni kipi, inabidi ufungue fomu na kukitafuta, ndipo unagundua kumbe ndicho kinachofuta rekodi.

Hapo ndipo moyo uliponigoma. Kitufe chenye uwezo wa kufuta kazi ya mtu hakistahili kujulikana kwa namba.

Nimeanza kuvipa majina ya kazi zake: kitufeHifadhi, kitufeFutaRekodi, sandukuLaUtafutaji. Kazi hii inataka uangalifu, kwa sababu Qt ina utaratibu wa kuunganisha tukio na kitendo kwa kufuata jina. Ukiandika kitendo kiitwacho on_pushButton_9_clicked, utaratibu huo, uitwao connectSlotsByName, hukitafuta kitufe ambacho objectName yake, yaani jina lake ndani ya msimbo, ni pushButton_9, na kuviunganisha. Sasa badilisha jina la kitufe, uache la kitendo. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, hailalamiki. Programu inafunguka, kitufe kipo mahali pake, unabofya, kimya. Onyo hutokea kwenye konsoli tu, dirisha la ujumbe wa mtengeneza programu, wakati programu inaendeshwa, na nani anayekaa kuisoma konsoli? Ndiyo maana nimeuondoa utaratibu huo kila nilipoukuta na kuandika connect, amri ya kuunganisha kitufe na kitendo, waziwazi, kwa mtindo uliokuja na Qt 5. Mistari inaongezeka, lakini jina likikosewa programu haijengeki kabisa.

Tk, zana nyingine ya kutengenezea madirisha, ina njia tofauti, na naiheshimu. Humo jina la wijeti, yaani kitufe, kisanduku au kijenzi kingine cha skrini, ni anwani nzima: .fomu.vitufe.hifadhi, na nukta ya kwanza ndiyo dirisha kuu. Ukisoma tu unajua kitu kiko ndani ya nini. Shida inakuja siku unapotaka kitufe kikae kwenye fremu nyingine: anwani inabadilika, na kila mstari ulioitaja lazima ufuate. Kwa sababu hiyohiyo siwezi kukubali majina kama kitufeChaKulia au kitufeChekundu. Mahali na rangi hubadilika mara kwa mara; kazi ya kitufe hudumu zaidi.

Kuna wanaoona haya ni mambo ya watengeneza programu wenyewe kwa wenyewe. Sikubaliani nao. Kwenye Android, kisanduku cha maandishi kisicho na kitambulisho hakihifadhiwi hali yake. Mtu ameandika maelezo marefu, simu imelala ubavu, mfumo umeijenga skrini upya, na maandishi hayapo tena. Aliyeandika hajui kama kuna kitu kinaitwa kitambulisho, lakini yeye ndiye aliyepoteza.

Jambo ninalolishikilia zaidi ya yote ni kwamba kijenzi kinahitaji majina mawili, na yasichanganywe. Moja ni la msimbo na majaribio, la pili ni la mtu anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini. iOS imeyatenganisha vizuri: accessibilityIdentifier kwa majaribio, accessibilityLabel kwa masikio ya mtumiaji. Qt nayo ina objectName na accessibleName. Hata hivyo hutokea mtu akataka jaribio lake likipate kitufe, akaweka jina la msimbo kwenye nafasi ya lebo, na asiyeona akasomewa “kitufeHifadhi” au kitu kibaya zaidi. Kitufe chenye picha tupu ndicho kinachoumiza zaidi, maana kisichopewa jina lolote kinaweza kusomwa “kitufe”, basi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unalidai jina hilo katika kigezo 4.1.2, tena kwenye daraja A, lile la chini kabisa. Upande wa pili, majaribio yanayotafuta kitufe kwa maandishi yake huanguka siku programu inapotafsiriwa, ingawa hakuna kilichoharibika.

Imebaki fomu ya ripoti, iliyojaa label_2, label_3 na ndugu zake. Nyingi ni maandishi tu ambayo msimbo hauyagusi popote, na hizo nitaziacha zilivyo. Jina lisilotumiwa na yeyote ni mzigo wa kutunza. Nitakazozishughulikia ni zile zinazoandamana na visanduku vya kujaza. Hizo nitaziunganisha na visanduku vyake kwa setBuddy, amri ya Qt inayoifunga lebo na kisanduku chake, ili kisoma skrini kikifika kwenye kisanduku cha tarehe kiseme ni tarehe ya nini.