Saa Iliyosimama Ndani ya Matatu

Leo jioni nimepata mwanzo wa hadithi yangu. Nimeupata kwenye matatu ya 58, Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, msongamano ukiwa umetugandisha karibu na City Stadium.

Kando yangu aliketi mama aliyepakata saa ya ukutani, kaizungushia leso kama mtoto mchanga. Mishale ilikuwa imesimama saa tatu kasorobo, ilhali magharibi ilikuwa inaingia. Makanga akamuuliza, "Mama, unashukia wapi?"

"Nashukia Hamza, mwanangu. Mwambie dereva asifunge breki ghafla."

Hakusema jingine mpaka aliposhuka.

Miezi mitatu nimekuwa nikianza na kuacha. Kila nilipoanza, nilianza na jua. Nadhani ni mazoea ya insha. Sisi tuliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofikia kikomo mwaka 2023, tulizisaka zile alama 40 kwa kupamba: majogoo yawike, jua lichomoze kutoka matlai, ndege watumbuize, kisha methali ije kukoleza. Lugha ile naipenda hadi leo, na ndiyo iliyonipa msamiati nilio nao. Ila jua halitaki kitu. Mama yule alitaka.

Kuna na lile kosa la kuanza na mada. Niliwahi kuamua nitaandika juu ya ukosefu wa kazi, ndipo nikatafuta kijana wa kuubeba. Kurasa nne, na yule kijana hakuwahi hata kukohoa.

Lakini saa mbovu inayolindwa hivyo! Kwa nini? Iliposimama, nani alikuwa akiitazama? Anaipeleka kwa fundi, au anamrudishia mwenyewe? Na mwenyewe akikataa kuipokea? Tulipofika Makadara nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nina njaa.

Nikamkumbuka nyanya yangu. Alikuwa akiita "Paukwa!", nasi tukaitika "Pakawa!", na kabla hatujakaa vizuri mkekani alikuwa ameshatuambia: hapo kale paliondokea mzee na binti zake wawili, na kisima chao kikakauka. Hakutueleza mawingu yalikuwaje. Mtu yupo, shida ipo, nasi tayari tunamsogelea. Nimesoma ushauri mwingi kuhusu utunzi, na yote hayo nyanya alikuwa akiyafanya kwa pumzi moja, mikono ikiendelea kuchambua maharagwe.

Yule mama wa kweli nimemwacha aende zake. Maisha yake si yangu. Nimebaki na leso, saa, na ile sauti ya kuombea breki. Mengine nayatunga. Nimefika nyumbani, sijavua hata viatu, nikaandika:

"Zuhura hakutaka saa itengenezwe. Alitaka tu isivunjike zaidi, na mwanawe alikuwa amekwisha kumlipa fundi."

Nimeisoma mara tano kwa sauti. Kesho, kabla ya kazi, nataka nijue kilichotokea nyumbani kwa Zuhura ilipogonga saa tatu kasorobo.